Masikio ya Bot Weldon

Merigi, Bomet
9 Februari 2025

Kwa mwanangu Wanjuhi,

Chamgei. Natumaini uko salama huko Nairobi, wewe na Weldon, na kazi inaendelea. Sisi huku tuko, Mungu anatuweka. Mvua imekataa kidogo, majani ya chai yamekuwa magumu kuchuna, lakini ng'ombe anatoa maziwa na mursik, maziwa yetu ya kibuyu, iko ya kutosha. Ni nyinyi tu hamji kuinywa.

Usishangae nakuandikia meseji ndefu kama barua badala ya kupiga. Ni baba mkwe wako. Tangu sukari imalize macho yake, na sasa kichwa nacho kinapoteza vitu, akinisikia naongea na simu anafikiri nimeficha mtu ndani ya nyumba. Juzi alitoka na fimbo kumtafuta huyo mtu. Alimpata kuku. Kwa hivyo naandika akilala mchana. Kiswahili changu ni cha ngumbaru, univumilie, kwa sababu Kipsigis wewe ulikataa kujifunza.

Lakini bado ni mzee wangu. Nikimletea uji ananyoosha mkono, anatafuta sikio langu hili refu, lililotobolewa na kuvutwa tangu usichana, anapitisha kidole kwa tundu, anavuta kidogo na kusema, "Bot Weldon." Mama Weldon. Mchezo wake wa tangu tuoane. Namwambia aache utoto, anacheka.

Sasa sikiliza. Kila Jumamosi Janeffer jirani anakuja tunaangalia hicho kipindi chenu cha Ng'aa Upya. Nikiona mtu amepakwa vizuri namwambia, huo ni mkono wa Wanjuhi wangu. Wiki jana mlileta yule mama wa kuuza samaki. Aliingia amejikunja, akatoka amenyooka kama mke wa gavana. Na yule Adongo mtangazaji wenu akasema, "Kutana na wewe halisi!" Haki nililia. Janeffer pia alilia, lakini yeye hulia hata kwa habari za hali ya hewa.

Wanjuhi, unakumbuka arusi ya Chemutai, mtoto wa dada yangu? Mtu wa picha aliniambia mbele ya watu wote, "Shosho, hebu funika hayo masikio na leso, au simama nyuma." Watu walicheka. Niliyakunja nikayapachika juu, vile tulikuwa tunafanya shambani ili matawi ya chai yasiyashike, kisha nikasimama nyuma. Ile picha iko ukutani kwa Chemutai. Mimi siko, iko paji la uso tu.

Nataka mnishone masikio. Na hili pengo la meno ya chini waliyotung'oa tukiwa wasichana, mlizibe. Waulize wakubwa wako kama wanakubali mzee.

Mama yako,
Bot Weldon


Kasarani, Nairobi
14 Februari 2025

Kwa Mama mpendwa,

Shikamoo Mama. Tuko salama, Weldon anakusalimia sana. Baba anaendeleaje? Huyo kuku alipona?

Mama, meseji yako niliisoma nikiwa kwa gari la kazi nikacheka, halafu nilipofika kwa ile picha ya arusi nikaisoma tena. Sikujua. Nilikuwa hapo hapo nikishikilia maua ya Chemutai na sikujua.

Nimewaambia. Walifurahi mpaka nikaogopa kidogo. Adongo alipiga meza akasema hawajawahi kupata mama mwenye masikio ya kuvutwa, ati watu watalia nchi nzima. Daktari wa kushona yupo, wa meno yupo, na mimi mwenyewe nitakupaka, sitakubali mtu mwingine akuguse.

Lakini nakuuliza kama mtoto wako: una hakika? Sikio likikatwa na kushonwa halirudi. Na Baba je? Atasemaje?

Mtoto wako,
Wanjuhi


Merigi
2 Machi 2025

Kwa mwanangu Wanjuhi,

Chamgei mising. Tuko wazima, wewe je? Kuku yupo, anataga.

Baba atasemaje? Wanjuhi, mzee haoni! Hata nikirudi na kichwa cha ng'ombe hatajua. Huyo ndiye mtu wa mwisho wa kuniulizia sura. Nilimwambia naenda Nairobi kwa Weldon, nikirudi nitakuwa msichana. Akasema nisichelewe, hajui chumvi inakaa wapi.

Janeffer atakaa naye. Kwa hivyo usiniulize tena kama nina hakika. Maisha yangu yote nimechuna chai ya watu na yetu, nimelea, nimeuguza. Nataka siku moja nisimame mbele kwa picha.

Niambie tu tarehe, na kama kuna baridi huko.

Mama yako,
Bot Weldon


Merigi
11 Mei 2025

Kwa mwanangu Wanjuhi,

Chamgei. Natumaini mko salama. Mimi nilifika salama, vile Weldon alikuambia. Nimenyamaza wiki hii yote si kwa sababu ya kukusahau.

Kwanza asante. Ile siku pazia ilifunguka nikaona kioo. Niliona mama fulani mzuri, nikataka kumpisha apite. Meno yamejaa, nywele nyeusi ti, masikio madogo kama ya mwalimu. Hapo Adongo alipopiga kelele, "Kutana na wewe halisi!" nilisema moyoni, kumbe ndiye huyu, na alikuwa amejificha wapi? Mlinifurahisha, sitasema uongo. Hata nilipomuuliza daktari zile nyama alizokata za masikio zimeenda wapi, na akacheka bila kunijibu, nilicheka pia.

Merigi watu walitoka kwa maduka kuniangalia. Fundi wa viatu aliniita "madam." Nilitembea polepole, Mungu anisamehe.

Halafu nikafika nyumbani. Janeffer alipiga vigelegele, mzee amekaa kwa kiti chake mlangoni. Nikamwambia, "Nimerudi." Akageuza uso. Akanijibu kwa heshima sana, "Karibu, mgeni. Mwenye nyumba ameenda Nairobi."

Nilifikiri ni utani. Nikachuchumaa mbele yake, nikampa sikio, vile kawaida. Mkono wake ulikuja, ukatafuta. Ukateremka mpaka begani, ukarudi juu, ukashika hicho kipande kidogo kilichobaki. Aliuondoa mkono haraka kama mtu aliyeshika mke wa mwenzake. Akaomba msamaha. Akamwita Janeffer aniletee chai.

Wanjuhi, mimi nilinywa chai yangu mwenyewe, kwa kikombe cha wageni.

Atazoea, sindio? Niambie atazoea.

Mama yako,
Bot Weldon


Kasarani
13 Mei 2025

Mama mpendwa,

Pole, pole sana. Lakini usiwe na wasiwasi, ni siku za kwanza tu. Yale meno si ya kudumu, unaweza kuyatoa. Yatoe ukiongea naye, labda ni sauti imebadilika na hewa haipiti vile ilikuwa inapita. Usijipake yale mafuta tuliyokupa, yana harufu. Vaa nguo zako za shamba. Mkumbushe vitu vya zamani mnavyojua nyinyi wawili tu.

Kipindi kitaonyeshwa tarehe thelathini na moja. Huku kila mtu anakusifu, na wamenipa kandarasi ya mwaka mwingine kwa ajili yako. Nilikuwa nafurahi kukuambia hiyo. Sasa sijui.

Atazoea, Mama.

Wanjuhi wako


Merigi
3 Juni 2025

Kwa Wanjuhi,

Chamgei. Mko salama? Sisi tuko.

Nilifanya yote uliyosema. Nilitoa meno. Nilivaa gauni la kuchunia chai lenye utomvu. Nilimwambia habari za mbuzi wa mahari aliyetoroka njiani, na jina alilompa mtoto wetu wa kwanza yule hatukubaki naye. Alisikiliza, akaanza kutabasamu, akanyoosha mkono. Nilitaka kukwepa. Wanjuhi, mke anamkwepaje mume wake? Mkono ulifika kwa sikio, na lile tabasamu likaisha. Akaniuliza, "Nani alikufundisha kuongea kama yeye?"

Chakula changu hagusi. Anakula cha Janeffer, kidogo, na Janeffer ana watu wake wa kulisha. Amekonda, suruali inafungwa na kamba. Nilimpeleka hospitali ya Longisa. Daktari ni msichana mzuri, alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono. Alisema ugonjwa wa kusahau hauna dawa ya kurudisha, na kwamba mtu asiyeona hujenga watu wake kwa vidole. Mimi nilifikiri sura ni ya wenye macho. Hata kwa tivi ndivyo mlitufundisha.

Sasa Jumamosi. Nyumba ilijaa, wengine wamesimama dirishani. Kipindi kikaanza na ile sehemu mlinipiga picha kabla, nimekaa shambani na masikio yangu, nikisema naitwa nani na nimeolewa na nani. Mzee alikuwa chumbani. Aliposikia ile sauti alitoka mbio akigonga viti. "Bot Weldon! Bot Weldon!" Watu walimpisha. Alifika kwa tivi akaipapasa yote, kioo, nyuma, waya. Aliweka sikio pale. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye hivi, nalia, na alinisukuma nisimzibe.

Kisha ikaja ile ya pazia. Adongo akapiga kelele, watu wa tivi wakapiga makofi, na sauti yangu ya zamani haikurudi tena. Akauliza, "Ameenda wapi?"

Uliza yule daktari wa kushona kama kuna njia ya kuyarudisha masikio.

Bot Weldon


Kasarani
12 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Sitakuuliza hali, naijua.

Nilimwendea daktari mwenyewe. Hakuna njia, Mama. Anasema ngozi iliyobaki ni kidogo, na hata ukitoboa upya uanze kuvuta ni miaka, na kwa umri wako itapasuka. Nilimfokea. Haikusaidia kitu, alikuwa anasema ukweli.

Halafu nimefanya kitu, usinicheke. Wewe unajua kazi yangu si mekapu ya bibi arusi peke yake, huwa natengeneza hata vidonda na pua za uongo za waigizaji. Nimekaa na picha zako za zamani nikakutengenezea masikio ya mpira. Tundu lina upana ule ule, hata ule mkwaruzo wa upande wa kushoto nimeuweka. Nimeyatuma na gari la Bomet, yatafika dukani kwa Kiarie. Kuna gundi ndani ya kichupa. Paka, shikilia, ngoja ikauke.

Ngai, nisaidie yakubali.

Mtoto wako,
Wanjuhi


Merigi
6 Julai 2025

Kwa mwanangu Wanjuhi,

Chamgei. Masikio yalifika. Nilipoyafungua nilikaa chini. Ni yangu kabisa. Umenijua vizuri, msichana wangu, hata mimi sikuukumbuka ule mkwaruzo.

Nilioga, nikatoa meno, nikayabandika, nikapika uji wa wimbi. Alipopitisha kidole alisema, "Bot Weldon." Akavuta kidogo, vile yeye huvuta. Akauliza mbona ni baridi. Nikamwambia ni hewa ya asubuhi. Akaendelea kulishika akingoja lipate joto, na halikupata. Ndipo akasema polepole, bila hasira, "Mmemwosha tayari. Kwa nini hamkuniambia amekufa?"

Wanjuhi, nimekuandikia hivyo hivyo alivyosema.

Weldon alikuja, nafikiri alikuambia. Alimshika babake mabega akamwambia, "Baba, huyu ndiye Mama, yuko mzima." Mzee alilia. Alisema hajawahi kufikiri mtoto wake mwenyewe atamdanganya kwa jambo kama hilo. Weldon alitoka nje akaenda kukata nyasi za ng'ombe mpaka jioni, na nyasi zilikuwepo.

Kwetu mtu akifiwa na mke ananyolewa. Aliomba anyolewe. Nilikataa, Janeffer alikataa, pasta alikataa, akaacha hata chakula cha Janeffer. Mwishowe nilichukua wembe na maji ya moto mimi mwenyewe. Nilipomaliza alipapasa kichwa akasema nina mkono mwepesi, akaniuliza natoka wapi. Nikaendelea kufuta wembe. Akanisaidia: "Wewe ni yule msichana wa Kisii aliyekuwa anatuchunia chai. Nyakerario." Huyo Nyakerario aliondoka kwetu zamani, Weldon akiwa bado mdogo. Nikasema, "Ndio, ni mimi."

Jioni hiyo alikula. Kwa mkono wangu, Wanjuhi. Alimaliza sahani.

Weldon aliniambia watu wa kipindi wanataka kuja kunipiga picha tena, waonyeshe maisha yangu mapya. Waambie Bot Weldon hayuko nyumbani.

Mama yako


Merigi
17 Agosti 2025

Kwa Wanjuhi,

Chamgei. Umekaa kimya, na Weldon anasema umeacha hiyo kazi, hutaki kuambiwa neno. Usijitese. Mimi ndiye niliomba. Ulinipa kitu nilichokitaka na ulinipa kwa upendo, na hapo ndipo sipati hata mtu wa kumkasirikia. Nimejaribu kumkasirikia Adongo, lakini yule anapiga kelele tu, ndiyo kazi yake.

Anakula vizuri. Amerudisha mwili. Mchana tunakaa mlangoni nachambua mboga na ananihadithia mke wake. Wee, mambo ninayosikia! Kumbe siku ya kwanza aliniona kisimani na akapoteza ng'ombe wawili kwa kuniangalia. Kumbe alijua kila mara nilipokuwa nauza maziwa kwa siri ili Weldon apate viatu, na hakusema. Hayo yote hakuwahi kuniambia nikiwa mkewe. Ananiambia nikiwa kibarua. Nafurahi, halafu nakumbuka si mimi ninayeambiwa. Jana nilimuuliza, "Alikuwa mzuri?" Akanijibu, "Masikio yake, Nyakerario, hakukuwa na kama yale Merigi yote."

Nilienda nyuma ya nyumba nikalia mpaka kwikwi ikanishika. Nikarudi nikamalizia mboga.

Sasa ananisikia nikibonyeza simu na ameuliza naandikia nani. Nimemwambia ni mke wa Weldon. Amesema ni vizuri, kwa sababu yule msichana wa Kikuyu alimpenda sana mama mkwe wake, na ni aibu asikie kutoka kwa watu wa nje. Amekaa wima, ameweka mikono kwa magoti, na ananiambia niandike. Naandika vile anasema, yuko hapa, siwezi kubadilisha:

*Kwa Wanjuhi, mke wa mtoto wangu. Chamgei. Nakuletea habari nzito. Mama yako, Bot Weldon, ametuacha. Alienda Nairobi na hakurudi. Mimi sikumzika kwa mikono yangu, na hiyo inaniuma, lakini nimenyolewa. Usilie sana. Niandikie neno moja nijue umesikia.*

Amesema nimsomee. Nimemsomea. Amesema ni sawa.

Anangoja jibu lako, mwanangu. Kila akisikia simu imelia anauliza kama ni wewe. Tafadhali uandike. Andika vile anaweza kusomewa.

Aliyeandika kwa niaba yake,
Nyakerario


Kasarani
31 Agosti 2025

Kwa Baba mpendwa,

Chamgei, Baba. Natumaini unapata nguvu. Nimepokea habari uliyonitumia kwa mkono wa Nyakerario. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza nilifuta.

Pole sana, Baba. Mungu akutie nguvu wewe na nyumba yote.

Mimi nilipoletwa hapo kama bibi arusi watu wengi walisema Weldon amekosa wasichana wa kwao mpaka anaoa Mkikuyu. Jumapili ya kwanza kanisani nilitafuta kiti cha nyuma. Bot Weldon alinifuata, akanishika mkono mbele ya kila mtu, akaniketisha kando yake kwa benchi la kwanza. Watu waligeuka. Aliyakunja masikio yake juu, nikajua sasa kuna kazi, na akaimba kwa nguvu mpaka wakaacha kutuangalia. Sikuwahi kumwambia asante kwa hiyo siku. Nilidhani nitapata wakati. Alikuwa mzuri, Baba. Nilipaswa kumwambia hivyo aliponiandikia, na badala yake nikaenda kutafuta daktari.

Nyakerario, mstari huu usiusome kwa sauti. Mama, nakuja na Weldon Jumatano, na sijui nitakuita nani mbele yake.

Baba, nimefurahi kusikia unakula. Nyakerario ni mtu mzuri, usimwache aende. Akikuletea uji, unywe wote, na umwambie asante, kwa sababu na yeye alimjua mama.

Mke wa mtoto wako,
Wanjuhi